Si kila homa ya mtoto ni malaria: Namna ya kutambua magonjwa ya watoto Nyanda za Juu Kusini

HOMA inapompanda mtoto usiku katika mitaa ya Mwanjelwa jijini Mbeya au Kihesa mjini Iringa, jina la kwanza linalotajwa nyumbani ni malaria. Jirani atasema malaria, bibi atasema malaria, na muuza duka la dawa aliyegongewa dirisha saa nne za usiku naye mara nyingi atakubaliana nao.

Hata hivyo, hali halisi ya Nyanda za Juu Kusini ni tofauti na mazoea hayo. Mji wa Iringa uko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na Mbeya kiasi cha mita 1,700, mahali ambapo baridi hupunguza sana uwezo wa vimelea vya malaria kukomaa ndani ya mbu. Katika utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017, asilimia 7 ya watoto wa umri wa miezi 6 hadi 59 nchini walikutwa na vimelea hivyo. Katika mikoa ya Iringa na Njombe kiwango kilikuwa chini ya asilimia 1.

Hii ina maana kwamba mtoto wa Kihesa mwenye homa, ambaye hajasafiri, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na ugonjwa mwingine. Akipewa dawa ya mseto akiwa na nimonia, ugonjwa wake hautibiwi, na mzazi anapoteza siku mbili au tatu akisubiri dawa ifanye kazi. Kwa mtoto wa miezi minane, siku mbili ni nyingi mno.

Madhara ya kosa hilo yamekwishapimwa hapa nchini. Utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za mikoa ya Kilimanjaro na Tanga, na kuchapishwa mwaka 2004 katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, ulifuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Damu yao ilipopimwa upya kwa umakini, ni asilimia 46 tu waliokutwa na vimelea. Miongoni mwa waliokuwa na malaria kweli, walifariki asilimia 6.9, miongoni mwa wale ambao hawakuwa nayo, walifariki asilimia 12.1. Kwa maneno mengine, waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ni wale waliotibiwa ugonjwa wasiokuwa nao.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2014, utafiti mwingine wa Tanzania ulichapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine. Watafiti walichunguza watoto 1,005 waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara wakiwa na homa, wakawapima kila kilichowezekana kupimwa. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Malaria ilikuwa kiasi cha asilimia 10, maambukizi ya njia ya mkojo karibu asilimia 6, na homa ya matumbo chini ya asilimia 4. Watoto saba kati ya kila kumi walikuwa na ugonjwa unaotokana na virusi, ambao kwa kawaida hauhitaji dawa ya malaria wala antibaotiki.

Matokeo hayo yalitoka katika miji ya joto na mbu wengi. Haihitaji hesabu ndefu kuona kwamba Mbeya mjini na Iringa mjini sehemu ya malaria inategemewa kuwa ndogo zaidi.

Swali la kwanza: Mtoto alilala wapi?

Pamoja na hayo, itakuwa hatari kumwambia mzazi wa Mbeya kwamba malaria haimhusu. Ukanda huu una milima na mabonde, na mwendo wa saa mbili kwa basi unatosha kumtoa mtu kwenye baridi na kumpeleka kwenye mbu.

Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, iko kwenye mita zipatazo 500 tu. Bonde la Usangu wilayani Mbarali lina mashamba makubwa ya mpunga yenye maji yaliyotuama. Kwa upande wa Iringa, tarafa za Pawaga na Idodi pamoja na eneo la Ruaha Mbuyuni ni nchi ya joto. Watoto wa mjini hupelekwa huko kwa bibi wakati wa likizo, au kufuatana na mama anapokwenda kuvuna mpunga, na kurejea wakiwa salama kwa macho. Homa huja wiki moja au mbili baadaye, wakati familia imekwishasahau safari.

Ndiyo maana tabibu makini huanza kwa kuuliza mtoto alilala wapi katika mwezi uliopita, na kama alilala ndani ya chandarua. Mzazi asisubiri kuulizwa; alitaje jambo hilo mwenyewe.

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu ya kidoleni, kinapatikana katika zahanati na hutoa jibu ndani ya dakika zipatazo 15 hadi 20. Mtoto yeyote mwenye homa apimwe kabla ya kumeza dawa ya mseto, ambayo Tanzania iliipitisha kuwa tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2006 baada ya dawa ya SP kuanza kushindwa. Kipimo hicho kina tabia moja inayowachanganya wengi. Kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, kwa sababu kinatafuta protini inayoachwa na vimelea wala si vimelea vyenyewe. Mtoto aliyetibiwa malaria wiki mbili zilizopita na sasa ana homa mpya anapaswa kupimwa kwa hadubini.

Jibu likisema hakuna malaria, hapo ndipo kazi ya kutafuta ugonjwa inapoanza. Kwa bahati mbaya, katika vituo vingi vya mijini hapo ndipo inapoishia, na mtoto huondoka na karatasi iliyoandikwa UTI au taifodi.

Majina hayo mawili yamekuwa maarufu mno. Kipimo cha Widal, kinachotumika sana kusema kwamba mtu ana taifodi, hutoa majibu yasiyoaminika, kwani damu ya mtu mwenye afya inaweza kuonyesha kingamwili za ugonjwa aliowahi kuupata au chanjo, na magonjwa mengine yanaweza kukidanganya. Uthibitisho wa taifodi hutokana na kuotesha damu maabara. Kuhusu mkojo, ule wa mtoto mchanga uliokingwa kwenye kikopo bila kumsafisha kwanza huonyesha wadudu ambao kwa kweli wametoka kwenye ngozi. Mzazi ana haki ya kuuliza ni kipimo gani kimefanyika na jibu lake limesomekaje.

Dalili za hatari

Tangu katikati ya miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) wamekuwa wakieneza mwongozo wa kutibu magonjwa ya watoto kwa uwiano, unaojulikana na watumishi wa afya kwa kifupi cha IMCI. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia. Tathmini iliyofanywa katika wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji, na matokeo yake kutolewa mwaka 2004, ilionyesha kuwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 ukilinganisha na wilaya jirani za Kilombero na Ulanga ambazo hazikuwa zimeuanza.

Uzuri wa mwongozo huo ni kwamba sehemu yake kubwa haihitaji mashine. Inahitaji macho, masikio na saa yenye mshale wa sekunde. Mzazi anaweza kuijua.

Zipo dalili nne ambazo mtoto wa miezi miwili hadi miaka mitano akiwa na mojawapo tu, hahitaji kujadiliwa nyumbani bali kupelekwa kituoni saa hiyohiyo: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege katika ugonjwa huu, au amelegea kiasi cha kutoamka vizuri wala kujali kinachoendelea. Ugonjwa wenyewe utajulikana baadaye. Dalili hizi hazisemi mtoto anaumwa nini, zinasema muda umekwisha.

Kwa kichanga cha chini ya miezi miwili masharti ni makali zaidi. Kunyonya kwa shida, joto la nyuzi 37.5 au zaidi, mwili kuwa wa baridi chini ya nyuzi 35.5, kitovu chenye wekundu au usaha, manjano yanayofika viganjani na nyayoni, au kukaa bila kujitikisa isipokuwa akisukumwa, yote hayo ni ya hospitali. Baridi ya mwili huwapita wazazi wengi, maana wamezoea kwamba mgonjwa ni yule anayechemka. Kichanga mwenye maambukizi kwenye damu anaweza kuwa wa baridi kama jiwe, na katika Juni ya Iringa mama akadhani ni hali ya hewa.

Kuhesabu pumzi

Miezi ya Juni na Julai ndiyo ya kikohozi katika ukanda huu. Upepo wa Iringa unajulikana, Uyole asubuhi hufunikwa na ukungu, na kule Makete baridi hufikia kugandisha umande. Madirisha hufungwa, jiko la mkaa huingizwa ndani, na watoto watatu hulala kitanda kimoja. Moshi na msongamano hufanya kazi iliyobaki. (Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa lina hatari nyingine ya hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua familia nzima usingizini bila mtu kukohoa hata mara moja.)

Watoto wengi wenye kikohozi wana mafua ya kawaida yatakayopona yenyewe. Kazi ni kumtambua mmoja kati yao mwenye nimonia, na njia yake ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Nimonia ya mtoto hutambuliwa kwa kasi ya pumzi, wala si kwa ukali wa kikohozi. Mtoto anaweza kukohoa usiku kucha akawa na mafua tu; mwingine akakohoa kidogo huku mapafu yake yamejaa.

Namna ya kuhesabu ni hii. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Nguo za kifuani zifunuliwe, jambo ambalo mama wa nyanda za baridi hulifanya kwa kusita kwa kuwa amemvisha sweta mbili na kumfunga kanga juu. Kisha zihesabiwe pumzi kwa dakika moja nzima, kila kifua au tumbo linapoinuka ikiwa moja. Sekunde 15 zikizidishwa kwa nne hazitoshi, kwa sababu pumzi za mtoto hazina mwendo sawa.

Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Kichanga aliyefikia 60 ahesabiwe mara ya pili kabla ya kuamua.

Baada ya hapo litazamwe eneo la chini ya mbavu. Mtoto mwenye afya anapovuta hewa, kifua na tumbo hupanuka pamoja. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea kuelekea ndani wakati anavuta pumzi, mapafu yameelemewa. Sauti ya mkwaruzo anapovuta hewa akiwa ametulia ni dalili nyingine ya kumkimbiza hospitali, vilevile midomo au ulimi kugeuka rangi ya bluu. Filimbi ya kifuani anapotoa hewa, hasa ikijirudiarudia kila mwaka, huelekeza zaidi kwenye pumu.

Vituoni kipo pia kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu. Kipimo kikiwa chini ya asilimia 90 mtoto anahitaji hewa ya oksijeni na rufaa.

Nimonia inayotibika nyumbani hutibiwa kwa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka kwenye maji, kwa dozi inayopangwa kulingana na uzito. Dawa za maji za kikohozi zinazojaa katika rafu za maduka hazitibu nimonia, na nyingi hazifai kabisa kwa watoto wadogo. Maji ya uvuguvugu yenye limau yanatosha kulainisha koo. Asali iongezwe kwa aliyevuka mwaka mmoja tu. Aspirini asipewe mtoto kwa ajili ya homa, parasetamoli ipo.

Kuhara, na meno yasiyo na hatia

Kuhara kunaua kwa kukausha maji mwilini. Kwa hiyo swali la kwanza si mtoto ameharisha kwa sababu gani, bali amepoteza maji kiasi gani. Macho yaliyodidimia, kukosa utulivu na kunywa kwa pupa ni upungufu wa kiasi. Mtoto aliyelegea asiyeweza kunywa amefikia upungufu mkubwa. Ngozi ya tumbo ikivutwa kwa vidole na kuachiwa hutoa jibu pia: ya kawaida hurudi papo hapo, na ikichukua zaidi ya sekunde mbili hali ni mbaya.

Pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi na kutumika ndani ya saa 24. Wengine huikoroga kwenye kikombe ili iwe kali na ifanye kazi haraka. Huko ni kumwongezea mtoto chumvi badala ya maji. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha, kwa kijiko, na akitapika asubiriwe dakika 10 kisha aendelee polepole zaidi. Pamoja na ORS hutolewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa wa chini ya miezi sita, na 20 kwa waliozidi hapo. Mama aendelee kunyonyesha.

Choo chenye damu kinahitaji antibaotiki na hivyo kituo cha afya. Kuhara kwa siku 14 au zaidi ni ugonjwa wa namna nyingine, wenye uhusiano mkubwa na utapiamlo. Choo kama maji ya mchele, kingi na cha ghafla, kihesabiwe kuwa kipindupindu hadi itakapothibitika vinginevyo. Chanjo ya rota, iliyoanza kutolewa nchini mwishoni mwa 2012 na mwanzoni mwa 2013 sambamba na ile ya kuzuia nimonia, imepunguza kuhara kukali kwa watoto wachanga, lakini haikingi vimelea vyote.

Hapa ndipo inapoingia habari ya meno ya plastiki, au ya nailoni kama wengine wanavyoyaita. Mkoa wa Iringa ni miongoni mwa maeneo ambayo desturi hii imechunguzwa na kuandikwa na watafiti. Mtoto wa miezi minne au mitano anapata homa na kuhara, mtu anamfunua kinywa, anaona vivimbe vyeupe kwenye ufizi na kutangaza kwamba hayo ndiyo meno mabaya yanayomuua. Hung'olewa kwa kisu, sindano au spoku ya baiskeli.

Kinachoonekana pale ni jino la kawaida la utotoni, hasa chonge, ambalo bado halijatoka. Umri huo ndio mtoto anapoanza kuonja chakula na kuokota vitu sakafuni, hivyo kuhara na meno hukutana kwa wakati mmoja bila kimoja kusababisha kingine. Mtoto aliyeng'olewa hubaki na kuhara kwake, akiongezewa jeraha, damu iliyopotea, na wakati mwingine pepopunda au maambukizi ya damu. Kukata kimeo kwa ajili ya kikohozi sugu ni kosa la aina hiyohiyo.

Degedege nayo ina hadithi yake. Utafiti uliofanyika Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa wazazi wengi waliiona degedege kuwa ugonjwa tofauti na homa, wenye asili yake na tiba yake ya kienyeji, na kwamba hospitali ilikuwa kimbilio la baadaye. Wapo hadi leo wanaoamini kuwa mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Imani hiyo ilipata nguvu kwa sababu watoto waliofikishwa hospitali walifika wakiwa wamechelewa, na sindano ikawa jambo la mwisho kuonekana kabla ya kifo.

Mtoto anayetetemeka kwa degedege alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote mdomoni, wala kijiko wala dawa, na apelekwe kituoni. Chanzo kinaweza kuwa homa kali tu, malaria iliyopanda kichwani, sukari kushuka, au homa ya uti wa mgongo. Hiyo ya mwisho huambatana na shingo kukakamaa, na kwa kichanga utosi huvimba na kutuna.

Surua imekuwa adimu kuliko zamani kutokana na chanjo, ambayo tangu 2014 hutolewa pamoja na ya rubela katika umri wa miezi 9 na kurudiwa miezi 18. Hujulikana kwa homa, vipele vya mwili mzima, pamoja na kikohozi, mafua au macho mekundu. Usaha wa sikio ukaushwe kwa kitambaa laini kilichosokotwa, na usidharauliwe. Ukipita siku 14 unaweza kula uwezo wa kusikia.

Majaribio ya Mbeya

Kwamba mwongozo upo si sawa na kwamba unafuatwa. Tabibu wa zahanati mwenye foleni ndefu nje ya mlango hana dakika moja ya kuhesabu pumzi za kila mtoto, na antibaotiki huandikwa kwa usalama wake mwenyewe.

Mkoa wa Mbeya umekuwa uwanja wa jaribio muhimu katika suala hili. Taasisi ya Afya Ifakara na kituo cha utafiti wa tiba Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), wakishirikiana na wenzao wa Uswisi, waliwapa watoa huduma wa baadhi ya vituo vya Mbeya na Morogoro kompyuta bapa zenye programu iitwayo ePOCT+. Programu humwongoza tabibu hatua kwa hatua: dalili zipi za kuuliza, lini apime oksijeni, lini atumie kipimo cha tone la damu kinachosaidia kutofautisha maambukizi ya bakteria na ya virusi.

Vituo 40 vilihusika kati ya Desemba 2021 na Oktoba 2022, nusu vikiwa na programu na nusu vikiendelea kama kawaida, na jumla ya matibabu zaidi ya 44,000 ya watoto yalirekodiwa. Katika vituo vya kawaida, watoto asilimia 70.1 waliondoka na antibaotiki. Katika vituo vyenye programu walikuwa asilimia 23.2. Baada ya siku saba, walioshindwa kupona walikuwa asilimia 3.8 kwa upande mmoja na 3.7 kwa upande mwingine. Matokeo hayo yalichapishwa na jarida la Nature Medicine mwanzoni mwa 2024.

Hivyo karibu nusu ya watoto wote katika vituo vya kawaida walikuwa wakimeza dawa ambazo hazikuwaongezea chochote. Mzazi anayenung'unika kwamba daktari hakumpa dawa huenda ndiye aliyehudumiwa vizuri zaidi siku hiyo.

Yanayokuja polepole

Magonjwa yaliyotajwa hadi hapa hujitangaza kwa siku chache. Mengine huingia kimyakimya, na Nyanda za Juu Kusini zina mzigo wake mkubwa wa hayo.

La kwanza ni udumavu. Iringa hulisha mikoa mingine kwa mahindi na viazi, lakini utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliikuta na watoto wadumavu asilimia 57, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mtoto mdumavu haonekani mgonjwa. Anacheza, ana mashavu, ila ni mfupi kwa umri wake, na kwa kuwa watoto wa jirani nao ni wafupi, hakuna anayeshtuka. Kadi ya kliniki ndiyo inayoona. Mstari wa uzito ukilala kwa miezi miwili mfululizo, huo ni ugonjwa unaohitaji kutafutiwa sababu, na urefu upimwe pia.

Ukondefu mkali hupimwa kwa mkanda wa rangi unaozungushwa kwenye mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu. Kati ya hapo na 12.5 ni njano. Uvimbe wa miguu yote miwili, unaobonyea kidole kikikandamizwa, ni utapiamlo mkali hata kama mtoto anaonekana mnene. Weupe wa viganja humaanisha upungufu wa damu.

La pili ni virusi vya Ukimwi. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, Njombe ilikuwa na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, mikoa mitatu iliyo juu mno ya wastani wa taifa wa asilimia 4.4. Mtoto wa mama mwenye virusi apimwe akiwa na wiki nne hadi sita kwa kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe. Kipimo cha kawaida cha kingamwili hakitoshi kabla ya miezi 18, kwani kinaweza kusoma kingamwili alizorithi kwa mama. Nimonia zinazojirudia, utando mweupe wa kinywani usiokwisha, na uvimbe wa muda mrefu chini ya masikio ni sababu za kupima hata kama mama aliwahi kuambiwa yuko salama wakati wa ujauzito, maana maambukizi yanaweza kutokea akiwa ananyonyesha.

La tatu, na gumu kuliko yote kulithibitisha, ni kifua kikuu. Mtu mzima hutoa makohozi yakapimwa. Mtoto wa miaka miwili huyameza, na hata yakipatikana wadudu ndani yake ni wachache. Watafiti wa Mbeya wamekuwa wakitafuta njia nyingine kwa zaidi ya muongo mmoja, ikiwamo kipimo cha damu kilichojaribiwa kwa watoto wa Mbeya na Bagamoyo na kuripotiwa mwaka 2014. WHO nayo inaruhusu choo cha mtoto kupimwa kwa mashine za vinasaba, kwa kuwa makohozi yaliyomezwa hutokea huko. Hadi vipimo hivyo vitakapofika kila mahali, tabibu hutegemea maelezo: kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, homa isiyoeleweka, uzito usiopanda, mtoto aliyepoteza hamu ya kucheza, na zaidi ya yote, kama yupo nyumbani mtu mzima anayekohoa au anayetumia dawa za kifua kikuu. Wazazi wengi huficha hilo la mwisho kwa aibu, na bila kujua humnyima tabibu kielelezo chake muhimu kuliko vyote.

Mtoto aliyeruhusiwa kurudi nyumbani na dawa ya nimonia au homa arejeshwe baada ya siku tatu kutazamwa, au papo hapo ikijitokeza mojawapo ya dalili za hatari. Homa ya kila siku iliyozidi siku saba inahitaji uchunguzi wa hospitali. Katika safari hiyo, pamoja na kadi ya kliniki, zibebwe chupa na pakiti za dawa zote alizokwishapewa, zikiwamo zilizonunuliwa dukani na zile za mganga wa kienyeji.